Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: turudishieni "huenda" yetu

Tanga

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi na wahariri wote,
Kituo cha televisheni ambacho jina lake sikuliandika hapa. Wenyewe mnajijua.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: VIPINDI VYENU VYA PASAKA KUHUSU MAKABURI YA YESU NA MITUME

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kwa umri wangu ningetegemea kukuitikia marahaba, lakini kwa cheo chako naanza mimi kukusalimu, na kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Nimeshika chaki miaka 32, na siku hizi Jumapili alasiri nakaa na vijana wa kipaimara usharikani kwetu.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliituma kwa posta baada ya Pasaka ya 2022. Ya pili niliileta kwa mkono mwaka uliofuata, ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa" pale mapokezi, na nakala yenye muhuri huo ninayo. Ya tatu ilikwenda kwa barua pepe mwaka 2024, mjukuu wangu akinionyesha pa kubonyeza. Jibu nililopata kwa zote tatu ni simu moja ya dakika mbili kutoka kwa kijana mwenye adabu sana: "Mzee wangu, hicho ni kipindi tu, watu wanakipenda." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa mwaka mzima nikingoja. Pasaka iliyofuata mkakirusha tena. Ndiyo maana leo naandika mbele za watu.

Malalamiko yangu si ya mtu aliyeumizwa imani. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo litakalowajia kwanza. Imani yangu imepita mengi, haitaangushwa na saa moja na nusu ya runinga. Ninacholalamikia ni tafsiri. Vipindi hivi mmevinunua nje, mkavitilia sauti ya Kiswahili hapa nyumbani. Mpwa wangu alinitafutia kimoja katika Kiingereza chake cha asili. Tukakaa sebuleni kwake, chenu upande huu, cha asili upande ule, tunasimamisha kila baada ya sentensi, mimi na daftari langu. Msimulizi wa Kiingereza anauliza: je, yawezekana? Msimulizi wenu anajibu: imethibitika. Yule anasema "wapo wanaodhani", wenu anasema "wataalamu wamegundua". Nilipofika ukurasa wa sita wa daftari niliacha kuhesabu.

Kiswahili kina "huenda", kina "yamkini", kina "inasemekana", kina "labda" na "pengine". Lugha haikuwanyima kitu. Mmeyatupa mkiwa nayo mkononi.

Sasa niwaeleze moja baada ya jingine.

1. Kaburi la Talpiot

Kionjo chenu kinasema: "Kaburi la Yesu na familia yake lapatikana, sayansi yathibitisha!" Mtazamaji atadhani limepatikana juzi. Lilipatikana Machi 1980, wajenzi wa nyumba walipokuwa wakipasua mwamba Talpiot Mashariki, kusini mwa Yerusalemu. Mwanaakiolojia Yosef Gat na wenzake wakafanya uchimbaji wa haraka kuokoa kilichomo, wakatoa masanduku kumi ya mifupa. Mwaka 1996 Amos Kloner akachapisha taarifa kamili ya kitaalamu. Hakuna aliyeficha chochote. Kelele zilianza mwaka 2007, ilipotoka filamu iliyotangazwa dunia nzima, na madai ya filamu hiyo ndiyo kipindi chenu kinayoyarudia.

Masanduku ya mifupa ni nini? Kipindi hakisemi, nami nashangaa, maana hapo ndipo penye utamu. Wayahudi wa Yerusalemu wenye uwezo, tangu zama za Herode hadi Warumi walipoubomoa mji mwaka 70, walichonga makaburi ndani ya mwamba. Maiti ililazwa humo, ikaachwa kama mwaka mmoja. Kisha ndugu walirudi, wakakusanya mifupa, wakaitia katika sanduku dogo la jiwe la chokaa lenye urefu wa kutosha mfupa wa paja. Sanduku moja liliweza kubeba mifupa ya watu kadhaa, na kaburi moja lilihudumia ukoo vizazi na vizazi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akilielewa hili, ataanza mwenyewe kuuliza maswali ambayo kipindi chenu hakitaki yaulizwe.

Masanduku sita yana maandishi. Moja limesomwa "Yeshua bar Yehosef", yaani Yesu mwana wa Yusufu, ingawa limekwaruzwa ovyo kama mwandiko wa mtoto aliyepewa msumari. Lipo la "Maria", la "Yose", la "Matya", lipo la "Yehuda bar Yeshua", yaani Yuda mwana wa Yesu, na moja la Kigiriki ambalo nitalirudia. Msimulizi wenu akayasoma majina haya kwa ngoma ya kutisha nyuma yake, kana kwamba kila jina ni mtu mmoja tu duniani.

Ndugu Mkurugenzi, simama katikati ya soko la Ngamiani uite "Juma!" Kabla hujafunga mdomo utakuwa na wauza nazi watatu na mpiga debe mmoja mbele yako. Sasa ingia makaburini, utafute Mohamedi mwana wa Ali aliyezikwa karibu na Fatuma. Utawakuta wangapi? Katika Uyahudi wa karne ya kwanza, kwa majina tuliyonayo katika maandishi, karibu mwanamke mmoja kati ya wanne aliitwa Mariamu kwa namna moja au nyingine. Yusufu lilikuwa jina la pili kwa wanaume baada ya Simoni. Yeshua lilikuwa miongoni mwa kumi ya kwanza. Orodha ya masanduku ya mifupa iliyochapishwa na L. Y. Rahmani mwaka 1994 ina masanduku karibu 900, na majina ni yaleyale yanayozunguka. Tena sanduku jingine kabisa lenye maneno hayohayo, "Yeshua bar Yehosef", lilitangazwa na mwanaakiolojia Eleazar Sukenik mwaka 1931. Ulimwengu haukutikisika, kwa sababu Sukenik aliwajua Wayahudi wake.

Hesabu yenu ya "moja kwa mia sita" nayo, kwamba nafasi ya majina hayo kukutana kaburini kwa bahati tu ni moja kwa mia sita. Ni hesabu ya kweli iliyofanywa na mtu wa kweli, Andrey Feuerverger, profesa wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto. Lakini ilisimama juu ya dhana alizopewa, na yeye mwenyewe baadaye alifafanua kwamba isichukuliwe kuwa ni uwezekano wa kaburi hilo kuwa la familia ya Yesu wa Nazareti. Dhana kubwa kuliko zote ilikuwa sanduku lile la Kigiriki. Wenye filamu walilisoma "Mariamene aitwaye pia Mara", wakasema huyo ndiye Maria Magdalena, kwa kuwa maandishi fulani ya karne ya nne yanamwita mwanamke mmoja Mariamne. François Bovon wa Harvard, ambaye utafiti wake juu ya maandishi hayo ndio uliotumiwa, aliandika mwaka huohuo wa 2007 kujitenga na hitimisho hilo. Naye Stephen Pfann aliyakagua maandishi upya akasoma "Mariame na Mara": wanawake wawili, walioandikwa na mikono miwili tofauti. Dhana hiyo ikianguka, hesabu yote inaanguka nayo.

Vinasaba ndivyo vilivyonichekesha, Mungu anisamehe. Mabaki ya chembe katika masanduku mawili tu, la Yeshua na la Mariamene, yalipimwa vinasaba vya upande wa mama, ikaonekana wawili hao hawana uhusiano wa upande huo. Basi, wakasema, ni mume na mke! Kwa kipimo hichohicho angeweza kuwa shangazi yake. Angeweza kuwa mke wa kaka yake, au mkaza mwana wake, au dada yake wa baba mmoja mama tofauti, au mtu aliyezikwa miaka 60 baadaye ambaye hata hakumfahamu. Sisi tuna jina la kila mmoja wa hao. Inakuwaje msimulizi wa Kiswahili, katika lugha yenye wifi na mavyaa na mkaza mwana, ashindwe kuona mwanamke ndani ya kaburi la ukoo ila awe mke?

Tena familia ya seremala wa Nazareti, kijiji cha Galilaya, ilipata wapi kaburi la ukoo lililochongwa kwenye mwamba wa Yerusalemu? Mwanaakiolojia Jodi Magness aliuliza swali hilo mapema kabisa. Hamkumtafsiri.

Jirani yangu ni Muislamu, mtu wa kusoma. Tulitazama pamoja kwake siku umeme ulipokatika kwangu. Kipindi kilipoisha akanigeukia: "Mwalimu, nyinyi mnasema alikufa akafufuka. Sisi tunasema hakuuawa. Hawa wanasema ana mtoto kazikwa Talpiot. Kumbe leo mimi na wewe tuko upande mmoja." Tukacheka, akanimiminia kahawa.

2. Sanduku la Yakobo

Hapa mlikosea kwa kunifurahisha, na nadhani hilo ni baya zaidi. Mlisema sanduku lenye maandishi "Yakobo mwana wa Yusufu ndugu wa Yeshua" limethibitishwa na mahakama kuwa halisi.

Sanduku hilo lilitangazwa Oktoba 2002 na André Lemaire, mtaalamu Mfaransa wa maandishi ya kale. Mwenyewe ni Oded Golan, mkusanyaji wa vitu vya kale wa Israeli. Likapelekwa Toronto kuonyeshwa, likapasuka njiani, likaungwa. Mwaka 2003 jopo la Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli likasema sehemu ya maandishi ni ya kughushi, na Desemba 2004 Golan akashtakiwa. Kesi ikaburutwa miaka. Machi 2012 Jaji Aharon Farkash akamwachia huru kwa mashtaka ya kughushi, akamtia hatiani kwa makosa madogo ya biashara ya vitu vya kale. Na jaji huyo akasema wazi kwamba kushindwa kwa upande wa mashtaka hakuna maana kwamba maandishi ni halisi. Sentensi hiyo moja ndiyo mliyoikata. Mwizi akiachiwa kwa kukosekana ushahidi, hatusemi mahakama imethibitisha kuku alikuwa wake.

Shida ya sanduku hilo ni ya zamani kuliko kesi. Halikutoka mikononi mwa mchimbaji, lilinunuliwa dukani. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Tongoni, hapa kusini ya mji wetu, kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo. Nguzo zile zilipambwa kwa bakuli za China. Bakuli zimeondoka zote, mashimo yake yamebaki. Nikawa nawaambia wanafunzi waingize mkono katika shimo. Bakuli lililokuwa hapo, hata likipatikana leo kwenye kabati la tajiri huko Ulaya, litatuambia limefinyangwa China na la karne gani. Haliwezi tena kutuambia lilimpamba nani. Kitu kikishang'olewa mahali pake, kinabaki na umri bila ukoo. Hili wanafunzi wangu walilielewa kwa kuingiza mkono, na hawakuwa na kamera wala ngoma.

3. Petro na Paulo, na Yohana Mbatizaji

"Mifupa ya Mtume Petro yathibitishwa na Papa." Ndivyo mlivyoandika chini ya skrini.

Uchimbaji chini ya Basilika la Mtakatifu Petro ulifanyika kuanzia 1939, vita vikirindima, hadi 1949. Walikuta makaburi ya Warumi, na katikati yake kijengo kidogo cha ukumbusho cha kama mwaka 160. Kijengo hicho kinalingana na maneno ya kasisi Gayo, aliyeandika karibu na mwaka 200 kwamba anaweza kuonyesha kumbukumbu ya mtume pale Vatikani. Huo ni ushahidi mzito, na ningependa vijana wangu waujue: miaka mia moja tu baada ya Petro, Wakristo wa Roma walikuwa wakipaheshimu mahali palepale.

Mifupa ni habari nyingine. Papa Pius XII alipotangaza kwa redio Desemba 1950 kwamba kaburi limepatikana, alisema mwenyewe kuwa mifupa iliyokutwa haiwezekani kuthibitishwa kwa hakika kuwa ya mtume. Alikuwa na busara: mifupa ile ya kwanza ilipokuja kupimwa ilionekana ni ya watu kadhaa, na ya wanyama ndani yake. Baadaye Margherita Guarducci, mtaalamu wa maandishi ya kale, alifuatilia mifupa mingine, iliyotoka ndani ya ukuta wa karibu na kuhifadhiwa kando, na mwaka 1968 Papa Paulo VI akatangaza kwamba imetambuliwa kwa namna ambayo tunaweza kuiona ya kuridhisha. Padri Antonio Ferrua, Mjesuiti aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji wenyewe, hakuridhika hadi anakufa mwaka 2003, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Msimuliaji wa kweli angemweka Ferrua na Guarducci katika chumba kimoja, na hapo pangekuwa na kipindi! Nyinyi mlimfuta Ferrua.

Kwa Paulo hivyohivyo. Juni 2009 Benedikto XVI alisema uchunguzi wa mabaki ndani ya jeneza la jiwe, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, ulionyesha mifupa ni ya mtu wa karne ya kwanza au ya pili, na kwamba hilo "laonekana" kuthibitisha mapokeo. Papa, ambaye hakuna anayemdai tahadhari, aliweka "laonekana". Mtafsiri wenu akaitoa. Yaani mmekuwa na uhakika kuliko Papa ndani ya basilika lake mwenyewe.

Juu ya mifupa iliyopatikana Bulgaria mwaka 2010 na kuitwa ya Yohana Mbatizaji, nisichoshe. Kipimo cha kaboni cha Oxford kilisema ni ya karne ya kwanza, na wapimaji wakasema hicho hakitoshi kumtaja mtu. Kichwa cha Nabii Yahya kinaheshimiwa katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, kingine kipo Roma, kingine Amiens, Ufaransa. Hapo kipindi chenu kingeweza hata kucheka kidogo.

4. Kaburi Takatifu, na aibu yangu mwenyewe

Oktoba 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens, wakiongozwa na Antonia Moropoulou, walifunua bamba la marumaru ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, kwa muda wa saa 60 hivi. Chini yake palikuwa na bamba jingine lililopasuka, na chini kabisa mwamba. Mlirusha: "Sayansi yathibitisha kaburi la Yesu." Nikafurahi. Nikaenda darasani Jumapili nikawaambia vijana maneno yenu neno kwa neno, tena nikayatilia chumvi: sayansi imelipima kaburi la Bwana.

Binti mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono. "Mwalimu, walipima nini?" Nikasema, walipima chokaa iliyoshikisha mawe, ikaonekana ya kama mwaka 345. Akauliza: "Hiyo chokaa ilitaja jina?"

Darasa zima likacheka, mimi nikakohoa. Chokaa ile inatuambia kwamba waliofunika mwamba ule kwa marumaru ni wajenzi wa zama za Konstantino na wanawe, jambo ambalo wanahistoria wa kale walikwisha kulisema. Nani alilazwa humo karne tatu kabla, chokaa haijui. Mahali penyewe pana hoja nzuri: palikuwa nje ya ukuta wa mji hadi Herode Agripa alipoanza kujenga ukuta mpya miaka ya 40, na pana makaburi mengine ya Kiyahudi ya zama hizo. Linganisheni na lile Kaburi la Bustani, hukohuko Yerusalemu, ambalo sisi Waprotestanti tunalipenda kwa utulivu wake na maua yake, na ambalo Jenerali Gordon wa Uingereza alilitia umaarufu mwaka 1883. Mwanaakiolojia Gabriel Barkay alionyesha kwamba kaburi hilo lilichongwa karne saba au nane kabla ya Kristo. Halikuwa "kaburi jipya" la Injili hata kidogo. Mahujaji kutoka huku kwetu bado wanalia pale, na machozi yao siyalaumu. Wanaolitunza wenyewe wanasema wanachoadhimisha ni ufufuko.

Ningeweza kumjibu binti yule vizuri siku ile ile, kama kituo chenu kingenipa habari nzima. Niliomba radhi Jumapili iliyofuata. Yule binti sasa yuko chuo kikuu, na bado ananikumbusha.

5. Klipu

Mnakata dakika tatu, mnaziweka mtandaoni, na chini yake mnaandika "IMETHIBITISHWA" kwa herufi kubwa. Klipu hizo ndizo zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya sharika na ya misikiti. Kipindi kizima angalau kina dakika moja ya mpinzani usiku wa manane. Klipu haina hata hiyo.

Najua mtakayosema.

Mtasema ni burudani. Mimi sina ugomvi na burudani. Vibanda umiza vya mtaani kwetu msimulizi huongeza maneno yake juu ya filamu, anamtukana adui, anamtaja mwenyekiti wa mtaa, na watazamaji wanalipa wakijua wanachonunua. Nyinyi mnakirusha baada ya taarifa ya habari, kwa sauti ya yuleyule msoma habari, na mnakiita "makala maalumu". Chagueni: ama kibanda umiza, ama taarifa.

Mtasema mkataba hauwaruhusu kubadili kipindi. Mbona mmekwisha kukibadili? Mkataba haukuwazuia kugeuza "yawezekana" kuwa "imethibitika". Nawaomba tu mkirudishe kilivyonunuliwa.

Mtasema hamna wataalamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha akiolojia, na wahitimu wake wanachimba pwani hii. Hata kama hakuna aliyechimba Yerusalemu, yeyote kati yao atawaeleza tofauti ya kitu kilichochimbwa na kitu kilichonunuliwa, na tofauti ya umri wa mfupa na jina la mfupa. Nauli kwenda studio zenu naamini haizidi gharama ya ile ngoma ya kutisha.

Na mtasema kwamba mimi natetea dini. Someni tena namba 2, 3 na 4. Huko nimelalamikia vipindi vilivyoipendelea dini yangu.

Basi ninayoomba ni haya:

(a) Kabla ya Pasaka ijayo, tafsiri ya vipindi hivi ipitiwe upya na mtu anayejua lugha zote mbili, na kila "huenda" iliyokuwapo irudishwe mahali pake. Nipo tayari kuifanya kazi hiyo bure. Daftari ninalo, kurasa sita zimekwisha kuandikwa.

(b) Kichwa "sayansi yathibitisha" kiondolewe kwenye vionjo na kwenye klipu zilizopo mtandaoni. Kama klipu haiwezi kubeba upande wa pili ndani ya dakika tatu, isikatwe.

(c) Kila kipindi kifuatwe na mazungumzo ya nusu saa, awepo mwanaakiolojia mmoja, na watazamaji wapige simu. Msimlete mchungaji na sheikh kugombana. Watatazamwa sana, lakini swali litapotea.

(d) Marekebisho kuhusu hukumu ya 2012 ya sanduku la Yakobo yasomwe hewani, baada ya taarifa ya habari, saa ileile mliyorusha kosa, na sauti ileile iliyosoma kosa.

Sidai fidia wala sidai mtu afukuzwe. Yule kijana aliyenipigia simu msimguse, alikuwa na adabu na nadhani alitumwa.

Nitafika ofisini kwenu Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima, saa tatu asubuhi, na daftari langu. Nitakaa pale mapokezi. Nimezoea kungoja; nimesahihisha mitihani ya watoto wa watu miaka 32.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga

Nakala:
Darasa la kipaimara, usharikani.
Jirani yangu, mwenye kahawa.
Binti aliyeuliza kama chokaa ilitaja jina.